Scheele si mtu wa kuhurumiwa

Kila ninapokutana na Carl Wilhelm Scheele katika maandishi ya historia ya sayansi, namkuta akihurumiwa. Maskini, aliipata oksijeni kabla ya wenzake na sifa ikaenda kwa wengine. Maskini, aliitoa klorini bila kujua kwamba ni elementi. Maskini, alifariki na miaka 43 katika mji mdogo wa Uswidi ambao leo wengi hawawezi kuuonyesha kwenye ramani. Mimi ni mfamasia, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha nyuma ya kaunta. Huruma hiyo inaniudhi. Inamtazama mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko karibu kila mkemia wa karne yake, halafu inaona tu kile ambacho hakupewa.

Scheele hakuwahi kuwa profesa. Hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Tangu akiwa kijana mdogo hadi anakufa alikuwa mtu wa duka la dawa, na ninaamini duka hilo halikumzuia kuwa mwanasayansi. Ndilo lililomfanya awe mwanasayansi.

Alizaliwa Desemba 1742 mjini Stralsund, kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Leo Stralsund iko Ujerumani, lakini wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi, kwa hiyo mtoto alikua akizungumza Kijerumani huku akiwa raia wa Uswidi. Alikuwa wa saba kati ya watoto kumi na mmoja wa mfanyabiashara. Alipofika miaka 14 alipelekwa Göteborg, ng'ambo ya bahari, kuwa mwanagenzi wa mfamasia Martin Andreas Bauch. Kaka yake mmoja alikuwa ametangulia kujifunza kwenye duka hilohilo, na alifariki akiwa bado kijana.

Hapa inabidi niseme duka la dawa lilikuwa kitu gani enzi hizo, kwa sababu ukifikiria duka la leo, lenye makasha yaliyotoka kiwandani na bei zake zimebandikwa, hutamwelewa Scheele. Mfamasia wa karne ya 18 alinunua mizizi, magome, mawe, chumvi, zebaki na mafuta, akatengeneza dawa mwenyewe. Aliponda, akachemsha, akachuja, akakeneka, akasubiri fuwele zijitokeze chini ya chombo. Asidi kali alizitengeneza kwenye tanuri lake. Chupa za kioo za shingo ndefu zilizopinda, vinu, mizani ya kupimia vitu vyepesi mno, vyote vilikuwa vifaa vya kila siku. Chuo kikuu kingi cha wakati huo hakikuwa na chumba chenye vifaa kama hivyo. Na Bauch alikuwa na vitabu, vikiwemo vya Kunckel na Neumann, wakemia wa Kijerumani wa kizazi kilichotangulia. Mchana kijana alihudumia duka, usiku alisoma kitabu na kurudia jaribio moja baada ya jingine ili aone kama mwandishi alisema kweli.

Alikaa kwa Bauch hadi 1765. Kisha akafanya kazi Malmö, ambako alifahamiana na Anders Jahan Retzius, msomi kijana wa Lund aliyemsihi aandike anachokiona badala ya kukiweka kichwani tu. Mwaka 1768 akahamia Stockholm. Katika miaka hiyo alichukua ukoko unaoganda ndani ya mapipa ya mvinyo, kitu ambacho wafamasia walikiuza kama dawa ya kulainisha choo, akakichemsha na chokaa. Ikatuama chumvi isiyoyeyuka. Akaitia asidi ya salfuriki, chokaa ikashikwa na asidi hiyo, na ndani ya maji ikabaki asidi mpya ambayo iliganda kuwa fuwele safi. Ndiyo asidi ya tartariki, ileile inayoupa ukwaju wetu ukali wake. Retzius aliichapisha habari hiyo mwaka 1770.

Naomba msomaji aikumbuke njia hiyo ya chokaa, maana Scheele hakuiacha. Miaka kumi na minne baadaye aliitumia kwa maji ya limau akapata asidi ya sitriki.

Mwaka 1770 alihamia Uppsala, mji wa chuo kikuu, akaajiriwa katika duka la mfamasia aitwaye Lokk. Huko kikatokea kisa ambacho nakipenda kuliko vyote katika maisha yake. Profesa wa kemia wa Uppsala alikuwa Torbern Bergman, mtu mwenye jina kubwa Ulaya nzima. Bergman alikuwa amenunua shura, ile chumvi inayotumika kutengeneza baruti, kutoka duka la Lokk. Shura hiyo ilipoyeyushwa kwa moto mkali, ikapoa, kisha ikatiwa siki, ilitoa moshi mwekundu. Shura ya kawaida haifanyi hivyo. Ilionekana kwamba duka limeuza kitu kibovu. Mwanafunzi wa Bergman, Johan Gottlieb Gahn, akalipeleka suala dukani, na aliyempa jibu ni msaidizi wa duka. Scheele alieleza kwamba shura haina kasoro. Moto ndio ulioibadilisha: ikichomwa sana inapoteza kitu na kugeuka chumvi nyingine, yenye asidi dhaifu zaidi ambayo hata siki inaweza kuifukuza. Kwa lugha ya leo tungesema nitreti imegeuka nitriti, na kilichopotea ni oksijeni.

Bergman alitaka kumfahamu mtu huyo. Wakawa marafiki, na urafiki huo ulidumu hadi Bergman alipofariki mwaka 1784. Ni Bergman aliyemwomba achunguze jiwe jeusi liitwalo manganizi, uchunguzi uliozaa mambo ambayo nitayafikia. Gahn naye akawa rafiki wa barua hadi mwisho. Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba mteja alileta malalamiko kaunta, na mtu wa kaunta akayachukulia kama swali. Kila aliyewahi kuuza dawa anajua jinsi ilivyo rahisi kujibu lalamiko kwa kujitetea.

Kitu kile kilichotoka ndani ya shura ndicho kilichomshughulisha sasa. Kwanza alijifunza kwamba hewa tunayovuta si kitu kimoja. Alifungia hewa chupani pamoja na vitu vinavyoila: fosforasi inayowaka, vumbi la chuma lililoloweshwa, mafuta ya kitani, michanganyiko ya salfa. Kila mara sehemu ya hewa ilitoweka na maji yakapanda kujaza nafasi yake. Yeye alikadiria sehemu hiyo kuwa kati ya robo na theluthi. Sisi leo tunasema ni kama moja ya tano. Hewa iliyobaki ilizima mshumaa. Akaiita hewa iliyoharibika. Ile iliyotoweka, akaanza kuitafuta peke yake.

Aliipata kwa njia nyingi, na wingi huo ndio unaonishangaza. Katika njia moja aliweka shura na asidi ya salfuriki ndani ya chupa ya shingo ndefu na kuipasha moto kwenye makaa. Mdomoni mwa chupa alifunga kibofu cha mnyama kilichokamuliwa hewa yote, na ndani ya kibofu akatia maziwa ya chokaa ili yanywe moshi mwekundu. Kibofu kikajaa taratibu hewa isiyo na rangi. Akaihamishia kwenye chupa, akaingiza mshumaa unaowaka, na mwali ukawa mkubwa na mweupe kiasi cha kuumiza macho. Aliita hewa ya moto. Akaipata tena kwa kupasha oksidi ya zebaki. Akaipata kutoka manganizi. Akaipata kutoka kabonati ya fedha. Alifungia nyuki wenye asali yao ndani ya chupa iliyosimama kwenye maziwa ya chokaa, akaona maji yakipanda siku baada ya siku kadiri nyuki walivyoitumia hewa hiyo. Yote hayo msaidizi wa duka aliyafanya baada ya saa za kazi, katika mwaka 1771 na 1772 kwa mujibu wa daftari zake.

Joseph Priestley, kule Uingereza, aliipata hewa hiyohiyo tarehe 1 Agosti 1774 kwa kuelekeza jua kupitia lenzi kwenye oksidi ya zebaki, akachapisha mwaka uliofuata. Scheele alipeleka mswada wa kitabu chake kuhusu hewa na moto kwa mchapishaji mwishoni mwa 1775. Kitabu hakikutoka hadi 1777. Mchapishaji alichelewa, utangulizi wa Bergman nao ukachelewa, na kitabu kilipofika mikononi mwa wasomaji habari ya hewa ile ilikuwa imezagaa Ulaya. Nilipokuwa shule, kitabu chetu cha kemia kilikuwa na jina la Priestley na mwaka 1774, basi.

Kuna barua pia. Tarehe 30 Septemba 1774 Scheele alimwandikia mkemia Antoine Lavoisier wa Paris kumshukuru kwa kitabu alichotumiwa. Ndani yake akamwomba afanye jaribio moja kwa ile lenzi kubwa iliyokuwa Ufaransa: apashe kabonati ya fedha, aondoe hewa ya chokaa (leo tunaiita kaboni dioksidi) inayotoka nayo, halafu ajaribu mshumaa katika hewa itakayobaki na aone kama wanyama wanaweza kuishi humo. Ni maelekezo kamili ya kutengeneza oksijeni, yaliyotolewa na mtu ambaye hana lenzi kwa mtu ambaye anayo. Hakuna jibu la Lavoisier linalojulikana. Barua ilikuja kuchapishwa mwaka 1890 na Édouard Grimaux, na miaka miwili baadaye mpelelezi wa Aktiki A. E. Nordenskiöld akachapisha barua na daftari za Scheele, ndipo ikathibitika nani alitangulia.

Nimesoma watu wanaomlaumu Lavoisier kwa ukali mkubwa. Sidhani inafaa. Priestley alikula naye chakula Paris mwezi Oktoba 1774 na kumsimulia mambo yake, kwa hiyo habari zilimfikia kwa njia zaidi ya moja. Na kazi aliyoifanya Lavoisier baada ya hapo, kuonyesha kwamba kuwaka ni kuungana na gesi hiyo, ni yake kwa haki. Scheele hakuiona. Yeye, kama Priestley, aliamini flojistoni, kitu kilichodhaniwa kukaa ndani ya kila kinachoungua na kutoka wakati wa moto. Alidhani joto lenyewe ni mchanganyiko wa hewa ya moto na flojistoni, na kwamba unapenya kioo na kupotea. Maelezo hayo yalikuwa na makosa. Lakini majaribio yake hayakuwa na makosa, na ukiyarudia leo kwa vifaa vyake yatakupa alichokiandika. Mtu anayeandika alichokiona kwa uaminifu kiasi hicho anawapa wengine nafasi ya kumsahihisha, na ndivyo ilivyotokea.

Lavoisier alikatwa kichwa Mei 1794 wakati wa mapinduzi. Nyumba ya Priestley huko Birmingham ilichomwa na umati wenye hasira mwaka 1791, naye akamalizia maisha yake Marekani. Nayataja haya kwa sababu wanaomwita Scheele mtu wa bahati mbaya huwa hawawataji wenzake wawili.

Manganizi sasa. Mwaka 1774 alitoa ripoti ya uchunguzi wake wa jiwe lile jeusi, na ndani ya ripoti moja kuna vitu ambavyo vingetosha kumpa jina mtu zaidi ya mmoja. Alionyesha kwamba jiwe lina metali isiyojulikana. Gahn aliitoa mwaka huohuo. Alikuta pia udongo mzito usiofanana na chokaa, na humo ndimo ilimokuja kupatikana bariamu. Na alipolitia jiwe asidi ya haidrokloriki, ikatoka hewa ya rangi ya manjano-kijani, yenye harufu inayobana kifua. Aliona ikigeuza vizibo vya chupa kuwa vya njano, ikifuta rangi ya maua na ya majani mabichi, na rangi hizo hazikurudi kwa asidi wala kwa alkali. Mkemia Mwingereza Humphry Davy ndiye aliyeonyesha mwaka 1810 kwamba ni elementi na kuipa jina la klorini. Klorini ndiyo iliyo kwenye dawa tunayotia majini wakati wa kipindupindu. Hewa hiyohiyo ilifunguliwa juu ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Scheele hakuwaza lolote kati ya hayo. Alikuwa akijibu swali kuhusu jiwe.

Februari 1775 Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi kilimchagua kuwa mwanachama. Hakuwa hata amefanya mtihani wa kuwa mfamasia kamili. Kwa cheo alikuwa bado mwanagenzi, na chuo hicho hakikuwa na desturi ya kuchagua watu wa cheo hicho.

Mwaka huohuo akaenda Köping, mji mdogo magharibi mwa Stockholm, kusimamia duka la mfamasia aliyefariki na kumwachia mjane, Sara Margaretha Pohl. Akajitokeza mnunuzi mwingine, ikaonekana Scheele ataondolewa, lakini wenyeji wakamtaka yeye abaki. Akabaki. Mwaka 1777 alisafiri hadi Stockholm, akahudhuria kikao cha Chuo cha Sayansi, akafanya mtihani wa ufamasia akafaulu, akarudi dukani kwake. Alipewa nafasi Berlin, akaikataa. Watu hueleza kukataa huko kwa unyonge au woga. Mimi naona mtu aliyekuwa na tanuri lake, wateja wake na usiku wake, ambaye hakuona Berlin ingemwongezea nini.

Kilichotoka Köping katika miaka ile kumi na moja hakielezeki kwa urahisi. Asidi ya laktiki kutoka maziwa yaliyochacha mwaka 1780, ileile ya mtindi wetu. Asidi ya sitriki. Asidi ya maliki kutoka matufaha. Asidi ya yuriki kutoka mawe ya kibofu. Asidi ya molibdeni na ya tungsteni kutoka mawe ambayo wengine waliyachanganya na risasi au bati. Metali zenyewe zilitolewa na wengine, na tungsteni hivi leo inachimbwa Rwanda. Aligundua kwamba siki ikitiwa chupani na chupa ikachemshwa ndani ya maji haiharibiki, hii ikiwa ni miongo mingi kabla ya Pasteur, Mfaransa aliyeonyesha kwamba joto huua vijidudu vinavyoharibu vinywaji. Aliacha kloridi ya fedha chini ya mwanga uliopasuliwa na prizma na kuona kwamba urujuani unaifanya nyeusi haraka kuliko rangi nyingine.

Lakini ninachokiheshimu zaidi ni glisarini. Wafamasia wa wakati ule walikuwa wakitengeneza plasta ya vidonda kwa kuchemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi na maji. Walifanya hivyo miaka na miaka, wakachukua plasta na kumwaga maji. Scheele aliyaonja yale maji. Yalikuwa matamu. Akayachemsha hadi yakawa mazito kama asali, akachunguza, akathibitisha kwamba si sukari na kwamba utamu huo umo ndani ya mafuta ya aina nyingi, na mwaka 1783 akaieleza dunia. Kila Julai, baridi inapoanza kupasua ngozi za watoto huko nyanda za juu, kina mama huja kuuliza glisarini. Mamia ya watu werevu walikuwa wameimwaga kabla yake.

Kuonja ndiko kulikokuwa desturi yake, na hapo siwezi kumtetea kwa yote. Aliandika juu ya harufu na ladha ya asidi aliyoitoa kwenye rangi ya buluu ya Prussia mwaka 1782, na hiyo ni sayanidi ya hidrojeni. Ndiyo sumu tunayoitoa kwenye mihogo michungu kwa kuiloweka na kuianika, na chumvi zake ndizo zinazotumika kutenganisha dhahabu na mawe katika migodi ya Kanda ya Ziwa. Alifanya kazi na arseniki kwa miaka, akatoa gesi yake, akatengeneza kwayo rangi ya kijani nzuri sana ambayo karne iliyofuata ilipakwa kwenye karatasi za kuta na nguo, ikaumiza watu wengi. Alifanya kazi na zebaki na risasi karibu kila juma. Hakukuwa na glavu wala bomba la kuvuta moshi.

Katika vuli ya 1785 alianza kuugua. Figo zilimsumbua, viungo vikauma, ngozi ikaharibika. Katika barua zake aliyaita maumivu hayo maradhi ya wafamasia wote. Mwili wake ulikuwa ukilipa ujira wa ile miaka ya tanuri na baridi, naye alijua. Hata hivyo aliendelea kuandika na kupeleka kazi zake Stockholm.

Mei 1786, akiwa kitandani, alifunga ndoa na Sara Margaretha Pohl ili duka na vyote vilivyomo virudi kwake bila mzozo. Alifariki siku chache baadaye, tarehe 21 Mei. Mwaka huo ilitoka kazi yake kuhusu asidi ya galiki, aliyoitoa kwenye vinundu vya mwaloni. Vinundu hivyo vilikuwa kwenye rafu ya kila duka la dawa la Ulaya. Wafamasia walivitumia kutengeneza wino na dawa ya kufunga tumbo la kuhara.